Samaki wa Ziwa Victoria Huanzia Kwenye Mafunjo

Samaki wakipungua Ziwa Victoria, macho yote humwelekea mvuvi. Boti za doria hutoka, timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki) na makokoro (nyavu za kuburuta) hukamatwa na kuchomwa moto mwaloni, na baada ya miezi michache malalamiko ni yale yale: sato hawapatikani, sangara wanaoletwa ni wadogo, mwenye mtumbwi anarudi hana hata hela ya mafuta. Uvuvi haramu ni janga la kweli, na tutafika huko. Lakini samaki haanzi maisha yake wavuni. Anaanzia kwenye ghuba yenye kina kifupi, kwenye mizizi ya mafunjo, kwenye mto uliofurika masika. Hapo pakiharibika, hata zikichomwa nyavu zote za ziwa hili, samaki hatakuwa na pa kurudi.

Kwa sababu hiyo makala hii haiwahusu wavuvi peke yao. Inamhusu mkulima wa mahindi ukingoni mwa Mto Nzoia, mfugaji anayenywesha ng'ombe Mto Mara, kijana anayeosha pikipiki ufukweni Mwanza, mama anayeanika dagaa Homa Bay, na wewe unayechagua sato sokoni ukiwa mbali na maji.

Ziwa ni kubwa: takriban kilomita za mraba 68,800, asilimia 51 zikiwa Tanzania, 43 Uganda na 6 Kenya. Ukubwa huo unadanganya. Kina chake cha mwisho ni kama mita 80 tu, ilhali jirani yake Tanganyika hushuka hadi mita 1,470. Maji mengi yanayoliingia ni ya mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa kuvukizwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Nile pale Jinja. Kwa hiyo mbolea, udongo na maji taka yakishaingia hayapiti yakaenda zake. Yanakaa. Na ziwa hilo hilo hutupa takriban tani milioni 1 za samaki kila mwaka, zaidi ya nusu yake ikiwa dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene.

Ndani ya mafunjo

Watu wengi huyaona mafunjo kama pori la maji: makao ya mbu, chatu na mamba, eneo lisilo na kazi linalosubiri kufyekwa lipandwe mpunga au viazi. Nadhani hili ndilo kosa kubwa kuliko yote tunalolifanya kandokando ya ziwa, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Mafunjo hayasimami kwenye ardhi kavu. Chini ya mashina yake kuna tabaka nene la mizizi iliyosokotana, na mara nyingi tabaka hilo linaelea. Maji yaliyo chini yake yametulia, yana kivuli, na rangi yake ni kama chai ya rangi kwa sababu ya majani yanayooza. Hewa ya oksijeni ndani yake ni kidogo sana. Ungedhani hakuna samaki anayeweza kuishi humo. Kumbe uhaba huo wa oksijeni ndio unaowaokoa wengi.

Sangara anahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo hawezi kuwafuata samaki wadogo ndani ya mafunjo. Kamongo ana mapafu na hupanda juu kuvuta hewa. Kambare naye ana kiungo cha kupumulia hewa. Baadhi ya furu, samaki wadogo wa asili, wana matamvua makubwa yanayowawezesha kuchota hata kile kidogo kilichomo. Watafiti waliofanya kazi kwenye Ziwa Nabugabo, ziwa dogo la Uganda lililo kando kabisa ya Victoria na ambalo nalo lilipandikizwa sangara, waliona wazi kwamba samaki wa asili waliokwisha kutoweka kwenye maji ya wazi walikuwa bado wapo pembezoni, ndani ya majani.

Ushahidi mwingine uko Kenya, kwenye bwawa la Yala, ambako mafunjo yamelizunguka Ziwa Kanyaboli na kulitenga na Victoria. Humo bado anaishi ngege, yule sato wa asili ambaye babu zetu walimjua kabla ya sato wa Nile kuletwa katika miaka ya 1950. Katika ziwa kuu ngege ametoweka karibu kabisa. Kanyaboli pia lina furu ambao huwezi kuwapata tena kwenye maji makubwa. Sehemu ya bwawa hilo imeshakaushwa kwa ajili ya kilimo. Siku mafunjo yaliyobaki yakiondolewa, tutakuwa tumepoteza mbegu ambayo hakuna kituo cha kuzalisha vifaranga kinachoweza kuitengeneza upya.

Kazi ya pili ya mafunjo ni kuchuja. Mto ukishuka na tope la mashambani, kasi yake hupungua ukifika kwenye mashina hayo. Tope hutua. Naitrojeni na fosforasi, vile virutubisho vya mbolea, kinyesi na sabuni, hunyonywa na mizizi na kugeuka majani. Thamani ya kazi hiyo imewahi kukadiriwa kwa fedha. Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walipiga hesabu ya bwawa la Nakivubo, linalopokea maji machafu ya jiji la Kampala kabla hayajaingia ziwani, karibu na Ggaba ambako jiji hilo hilo huvuta maji yake ya kunywa. Walikadiria kuwa kazi ya kusafisha maji inayofanywa na bwawa hilo ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka, ukilinganisha na gharama ya kujenga mitambo ya kufanya kazi hiyo. Hapo hatujahesabu hata samaki mmoja. Nakivubo imeendelea kumegwa kwa mashamba na majengo, na kila kipande kinachokwenda huondoka na sehemu ya mtambo ambao jiji halikuulipia.

Hii haina maana kwamba mafunjo yasiguswe. Watu wameyakata tangu zamani kwa mikeka, vikapu, paa na kuni, na yakikatwa vizuri huota tena. Shina lisikatwe chini ya maji, lisije likaoza. Eneo ligawanywe: mwaka huu upande huu, mwakani upande ule, ili pawe na sehemu iliyokomaa wakati wote. Ule ukanda wa mbele unaogusana na maji ya ziwa uachwe kabisa, maana ndiko vifaranga walipo. Kuchoma moto wakati wa kiangazi ili ng'ombe wapate majani mabichi ndiko kunakoua: moto ukiingia kwenye tabaka la mizizi lililokauka, huteketeza kilichojengeka kwa miaka mingi.

Furu, samaki mdogo tuliyempuuza

Furu ana miiba, hana mnofu mwingi, na sokoni bei yake ilikuwa ya chini siku zote. Lakini ziwa hili lilikuwa na takriban aina 500 za furu, karibu wote wakiwa hawapatikani kwingine duniani. Kila kundi lilikuwa na kazi yake. Walikuwapo waliokula mwani, waliokula mabaki yaliyooza chini ya ziwa, waliokula mabuu ya wadudu, na waliovunja konokono, wale wale konokono wa maji wanaobeba kichocho.

Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka kadhaa hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 akalitawala ziwa. Furu wakaliwa. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Si haki kumlaumu sangara peke yake, kwa kuwa amejenga viwanda, ameleta fedha za kigeni na kusomesha watoto wengi. Isitoshe, katika kipindi hicho hicho maji yalikuwa yakichafuka, mwani ukiongezeka, na wale waliokuwa wakila mwani na mabaki hawakuwapo tena.

Uchafu huo unawamaliza furu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Kwenye visiwa vyenye mawe vya Ghuba ya Mwanza wapo furu wawili wa karibu sana. Mmoja, dume lake ni la bluu na lina milia. Kitaalamu huitwa Pundamilia pundamilia. Mwenzake, dume lake lina mgongo mwekundu, naye anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Majike wa aina hizi mbili wanafanana sana, na jike humchagua dume kwa rangi. Maji yakiwa maangavu, jike wa aina nyekundu huenda kwa dume jekundu, na wa aina ya bluu kwa dume la bluu. Maji yakiwa ya tope na mwani, rangi hazionekani vizuri, uchaguzi unavurugika, na watafiti wamekuta maeneo ambako aina hizo mbili zimechanganyika hadi kuwa moja. Samaki mwenye jina la Mwalimu anaweza kupotea bila kuvuliwa, kwa sababu tu ya tope letu.

Mto nao ni sehemu ya ziwa

Wazee wa kandokando ya Nzoia, Yala, Mara na Kagera wanamkumbuka ningu. Huyu ni samaki wa ziwani anayezaa mtoni. Mvua za masika zikijaza mito, ningu walipanda kwa makundi kuelekea juu, wakaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, wakataga, kisha wakarudi ziwani. Wavuvi walijua majira hayo na kuyangoja.

Nyavu za makila zilifika ziwani mwaka 1905. Zilipoenea na kuanza kutandazwa kwenye midomo ya mito, ningu walikamatwa wakiwa njiani kwenda kutaga, mayai yakiwa bado tumboni. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeanguka, miaka mingi kabla sangara hajatawala na kabla gugumaji halijaonekana. Ziwa lilikuwa bado safi. Njia yake ndiyo iliyofungwa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa kijiji chochote chenye mdomo wa mto ni hii: wakati wa mvua, pasiwekwe wavu, mtego wala uzio wa kukinga mto kutoka ukingo hadi ukingo. Kijiji kinachojenga bwawa dogo au banio la umwagiliaji kimwombe mhandisi aache njia ya samaki tangu kwenye ramani, kwa kuwa kuipasua baadaye ni gharama kubwa. Na yale mabonde yanayofurika masika, ambayo kiangazi yanaonekana kama ardhi tupu, yasigawiwe viwanja. Ndiyo wodi ya wazazi ya ningu, kambare na wengineo.

Mto Mara unaonyesha jinsi mambo haya yalivyofungamana. Unaanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, unaenea kwenye mafunjo makubwa mkoani Mara, unapita chini ya daraja la Kirumi na kuingia ziwani, safari ya karibu kilomita 400. Mti uliokatwa Mau unaonekana kama tope Kirumi. Machi 2022 maji ya mto huo yalibadilika rangi yakawa meusi na samaki wakafa kwa wingi, na mjadala kuhusu chanzo ukawa mkali nchini Tanzania. Lililo wazi, mtoni na ziwani kote, ni kwamba kitu chochote kinachooza ndani ya maji, kiwe kinyesi, majani au maji taka, hutumia oksijeni kinapooza, na samaki hukosa pumzi. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, sangara wengi wakubwa walionekana wakielea upande wa Uganda, na maelezo ya serikali yalikuwa ni upungufu wa oksijeni. Sangara hufa mapema kuliko wengine kwa sababu ile ile inayomzuia kuingia kwenye mafunjo.

Anayelima au kufuga karibu na maji

Anza na umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Uganda, kwa kanuni za mwaka 2000, imeweka mita 200 kwa maziwa makubwa na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Kenya hupima ukanda wa mto kati ya mita 6 na 30. Najua zipo familia ambazo shamba lote liko ndani ya mita hizo, na kuwaambia waondoke kesho ni ukatili. Lakini hata kwao lipo la kufanya: acha mita chache za mwisho zisilimwe, uoteshe mabingobingo, matete au miti ya asili. Ukanda huo hukamata udongo, na mabingobingo yenyewe ni chakula cha ng'ombe. Usipande mikaratusi kwenye chemchemi na kingo, kwani hunywa maji mengi.

Lima kukatisha mteremko, si kufuata mteremko. Matuta yanayoshuka moja kwa moja mtoni ni mifereji ya kupeleka mbolea yako ziwani, na mbolea hiyo uliinunua. Weka mbolea kidogo kidogo karibu na shina, na si siku ambayo mawingu yametanda. Udongo ukibaki shambani, fosforasi nayo hubaki, maana husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za udongo.

Bomba la dawa lisioshwe mtoni hata kidogo. Maji ya kusuuzia yamwagwe ndani ya shamba lililopuliziwa, mbali na kisima. Dawa za wadudu huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na hapo hapo naomba niseme jambo kwa ukali: wapo wanaomwaga dawa hizo majini kwa makusudi ili wavue. Ni sumu kwa mtoto wa jirani yako. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa ziwa hili kwa sababu hiyo, na waliolia zaidi ni wavuvi na vibarua wa viwandani ambao hawakumwaga hata tone.

Wafugaji, chagueni njia moja au mbili za kushukia majini, zitandikwe mawe, na penginepo pazibwe kwa ua wa miti. Bora zaidi ni kuvuta maji hadi kwenye birika la kunyweshea juu ya ukingo. Na anayeosha gari, pikipiki au nguo, achote maji aoshee juu kwenye nyasi, mahali ambapo maji ya sabuni yatazama ardhini kabla ya kufika ziwani.

Wenye vizimba vya sato nao ni wafugaji. Kizimba kikiwekwa kwenye ghuba iliyotulia, mabaki ya chakula na kinyesi hutua chini yake, na upepo mkali ukipindua maji, oksijeni huisha na mtaji wote hufa usiku mmoja. Kiwekwe penye kina na mkondo, mbali na mafunjo na mazalia. Samaki wa kigeni asiachiwe ziwani wala mtoni kwa kisingizio chochote; tulishaona somo la sangara.

Anayevua, anayenunua

Sasa turudi kwenye makokoro. Dume la sato huchimba shimo la duara kwenye sakafu ya maji yenye kina kifupi na kulilinda. Jike huja kutaga humo, kisha huyakusanya mayai mdomoni mwake na kuyatamia huko huko mdomoni, bila kula vizuri, hadi vifaranga waweze kuogelea. Hata baada ya hapo, wakitishwa hukimbilia kinywani mwa mama. Kokoro likiburutwa mara moja tu kwenye ghuba hiyo, mashimo yote husawazishwa, na jike anaponaswa huyatema mayai kwa mshtuko. Kwa hiyo hasara ya kokoro haihesabiki kwa samaki waliomo wavuni. Chandarua cha mbu hufanya vile vile kwa vifaranga. Timba hukatika kirahisi na hubaki majini ikiendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala.

Dagaa wavuliwe mbali na ufukwe. Karibu na nchi kavu ndiko sangara na sato wachanga wanakokua, na wavu wa dagaa hauchagui.

Kwa mnunuzi, kipimo kiko mwilini mwako. Sangara wa halali anaanzia sentimita 50, yaani dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na ziada ya vidole viwili hivi. Sato wa halali Tanzania anaanzia sentimita 25, shubiri moja na kidogo. Aliye chini ya hapo mara nyingi hajapata nafasi ya kuzaa. Sangara jike huchelewa kukomaa kuliko dume, na wale majike wakubwa sana ndio wenye mayai mengi zaidi; ni hao hao wanaotafutwa leo kwa bei kubwa kwa sababu ya mabondo, yaani vibofu vyao vya hewa. Mvuvi anayejua kuwa amepata mama mkubwa ameshikilia vizazi vingi mkononi, na bei ya bondo moja hailingani navyo hata kidogo.

Lipo pia suala la samaki wanaoharibika baada ya kuvuliwa, ambalo halipewi uzito unaostahili. Dagaa wakianikwa mchangani, mvua moja huwaharibu, na wale wenye mchanga huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kichanja cha miti na wavu, kilichoinuliwa hadi kiunoni, hukausha haraka kwa kuwa upepo hupita juu na chini, na dagaa wake huliwa na watu. Mama mwenye kichanja hupata zaidi kwa samaki wale wale. Kikundi cha uvuvi kinachotafuta pa kuwekeza fedha zake kianzie hapo.

Pimeni wenyewe

Mtafiti Michael Graham alipolizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928, kwenye maji ya mbali na ufukwe kifaa chake cha kupimia uangavu kilionekana hadi mita 7 au 8 chini. Katika miaka ya 1990 vipimo vya namna hiyo vilikuwa vimeshuka hadi kati ya mita 1 na 3. Kifaa chenyewe ni sahani tu iliyofungwa kamba, na kijiji chochote kinaweza kutengeneza cha kwake.

Chukueni mfuniko mweupe wa ndoo ndogo, upana wa kama sentimita 20. Toboeni katikati, pitisheni kamba isiyovutika, fungeni jiwe chini ili uzame ukiwa umelala sawasawa. Pigeni fundo kila sentimita 10 kuanzia kwenye mfuniko. Nendeni na mtumbwi mahali palepale kila mwezi, karibu na saa sita mchana, na muushushe upande wenye kivuli cha chombo. Mfuniko ukipotea machoni, hesabuni mafundo. Vuteni taratibu hadi uonekane tena, hesabuni. Chukueni wastani wa hesabu hizo mbili, muuandike kwenye daftari pamoja na tarehe, hali ya mvua na jina la mahali. Shule ya msingi iliyo karibu inaweza kukabidhiwa kazi hii, na watoto wataifanya kwa bidii kuliko watu wazima.

Kwenye daftari hilo hilo andikeni aina za samaki waliofika mwaloni wiki hiyo, kwa majina mnayoyatumia: ningu, gogogo, domodomo, furu, kamongo, hata kama ni mmoja tu. Aina zikipungua wakati uzito wa jumla bado ni mkubwa, ziwa linabaki na samaki wachache wa kutegemewa, na hilo halionekani kwenye mizani.

Mkishakuwa na kurasa za mwaka mzima, zipelekeni kwenye mkutano wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, ile BMU ya mwalo wenu. Waulizeni wavuvi wazee na wanawake wanaochota maji wanaonyeshe ni wapi vifaranga huonekana na ni miezi ipi. Choreni ramani, hata kwa mkono. Pendekezeni ghuba moja au mbili zifungwe, na mipaka yake iwekwe maboya yanayoonekana usiku na mchana, maana mvuvi hawezi kuheshimu mstari asiouona. Mwombeni afisa uvuvi wa wilaya aingize ghuba hizo kwenye sheria ndogo za halmashauri, na mwalikeni mwenyekiti wa kijiji cha juu ya mto wenu akae kwenye mkutano huo, kwa kuwa tope linalofika kwenye ghuba yenu linatoka kwake.